Kipupwe Mjini: Siku Nne Unguja na Mama Mdogo

Sisi watu wa Pemba tukivuka kwenda Unguja huwa tuna sababu. Kuna mgonjwa kalazwa hospitali ya Mnazi Mmoja, kuna msiba, kuna karatasi inatakiwa saini, au kuna mtoto anapelekwa chuo. Mama yangu mdogo, aliyeolewa Wete tangu 1979, amevuka mara nyingi asizoweza kuzihesabu, na hajapata hata mara moja kwenda kutembea tu. Na huyo ni mtu aliyezaliwa Malindi, ndani ya Mji Mkongwe, akakulia hapo mpaka akafika miaka ishirini.

Alinitajia jambo hilo mwezi wa Ramadhani, tukichagua mchele. Hakulalamika. Alisema tu angependa kuuona mji wake siku moja akiwa hana la kumharakisha. Nikalitia moyoni. Upatu wangu ulikuwa unanifikia Juni, nikaomba likizo ya Julai, nikaanza kupanga.

Julai ni katikati ya kipupwe. Masika yameshapita, jua halichomi, usiku unataka shuka. Kwa kutembea kwa miguu vichochoroni sijui miezi bora kuliko hii. Lakini kipupwe kina mambo mawili. La kwanza ni kusi: upepo unavuma kutwa na bahari inachafuka. La pili, huu ndio wakati wa likizo za Wazungu, kwa hivyo vyumba vya Mji Mkongwe vinajaa na bei zinapanda. Nilianza kupiga simu wiki sita kabla. Nyumba tatu za wageni zilinitajia bei za kunikatisha tamaa. Ya nne, mitaa ya Kiponda, ilikubali elfu sabini kwa usiku, vitanda viwili na chai ya asubuhi, baada ya kuwaeleza kwamba sisi ni wenyeji tunatoka Pemba. Liseme hilo mwanzo kabisa wa mazungumzo. Bei ya mwenyeji haibandikwi ukutani, lakini mara nyingi ipo.

Na siku nilizipanga kwa kufuata usiku. Mchana Mji Mkongwe unakuwa wa kazi na wa watalii, jua likishatua wenyewe wanatoka kwenye barza. Nikaweka jambo moja tu kila asubuhi, halafu usingizi wa mchana, halafu kutoka alasiri mpaka saa nne, tano za usiku. Mama mdogo ana miaka 66 na goti moja linamsumbua. Bila ya ratiba ile tungeishia siku ya pili.

Alhamisi, Julai 10: Wete, Mkoani, Mjini

Tuliondoka Wete saa kumi za usiku kwa gari ya jirani yetu anayepeleka abiria wa boti, elfu tano kila mtu. Mwenye nafasi ya mchana anaweza kuchukua daladala namba 606 mpaka Chake, halafu 603 mpaka Mkoani, lakini kwa boti ya asubuhi usithubutu. Mama mdogo alikuwa na mkoba mmoja wa nguo na vikapu viwili vya halua ya Wete. Nikamuuliza halua ya nani, maana hatuna tunayemjua aliyebaki kule. Akasema, "Mtu hendi mji wa watu mikono mitupu."

Bandarini Mkoani, mwanamke aliyekagua vitambulisho alimtazama mama mdogo, akanitazama mimi, akauliza kwa upole, "Poleni. Mgonjwa yuko hospitali gani?" Mama mdogo akajibu kwamba hakuna mgonjwa, tunakwenda kutembea. Yule mwanamke akacheka kwa furaha ya kweli, akatupisha.

Boti ilikuwa iondoke saa moja na nusu. Ikaondoka saa tatu, kwa ajili ya upepo. Hakuna aliyetutangazia kitu, tulikaa tu. Mama mmoja wa Kengeja, mwenye mtoto mgongoni, alifungua kitambaa chake akatoa mkate wa kumimina akakata vipande sita, akagawa kwa kila aliyekuwa kwenye benchi lile kama vile alikuja kwa kazi hiyo.

Njia yenyewe tulitikisika sana. Tulipofika mkondo wa Nungwi watu wote wakanyamaza. Mpemba hapiti pale bila ya kuukumbuka usiku wa Septemba 10, 2011, meli iliyokuwa ikitoka Unguja kuja kwetu ilipozama na watu kwa mamia. Mtaani kwetu wako waliokesha wakisubiri. Mama mdogo alitoa tasbihi, nami nikamshika mkono. Kijana mmoja baharia alipomwona kabadilika rangi alimhamisha, akamkalisha chini nyuma, katikati ya boti, akamletea ndimu iliyokatwa ainuse. Alikuja kumtazama mara mbili zaidi kabla ya kufika, na pesa niliyompa alikataa.

Kwa hivyo kwa anayevuka kipupwe: keti chini, nyuma, katikati. Kula kidogo kabla, usipande na tumbo tupu. Chukua ndimu yako na sweta, na usipange miadi yoyote kwa siku ile ya kufika.

Malindi tulishuka karibu saa sita. Hamali aliyetupakilia mizigo kwenye mkokoteni alitaka elfu tano, tukakubaliana elfu tatu, na hatua mbili tatu mbele akageuka: "Bi mkubwa, nikupelekeni Mnazi Mmoja?" Hiyo ikawa mara ya pili.

Chumba hakikuwa tayari mpaka saa nane, na maji ya moto hayakutoka siku zote tatu. Msichana wa usafi alitutandikia mkeka kwenye dari, juu ya nyumba, tukalala pale upepo unatupuliza, mabati ya mji mzima yako chini yetu. Kila jioni alituletea ndoo ya maji ya moto bila ya kuombwa.

Saa kumi na moja na nusu tukaenda Forodhani. Nilitaka tuwahi magharibi, wakati vijana wanaporuka baharini kutoka ukutani, mmoja baada ya mmoja, wengine wanapinduka mara mbili hewani. Mama mdogo alikaa kwenye benchi akawatazama. Kaka zake walikuwa wakiruka pale pale, akasema, na wakirudi nyumbani nguo mbichi wanapigwa.

Bustani yenyewe si ile aliyoiacha. Ilitengenezwa upya ikafunguliwa 2009, taasisi ya Aga Khan ndiyo iliyoisimamia, na sasa ina njia za mawe na taa. Kilichomshitua kilikuwa upande wa pili wa barabara. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, la kwanza hapa kuwashwa taa za umeme. Lilinusurika mizinga ya Waingereza ya Agosti 27, 1896, katika vita vile vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia, halafu likaja kuporomoka sehemu Desemba 25, 2020, mchana kweupe. Picha za simu alikuwa ameziona. Kuiona nafasi ya ule mnara wa saa kwa macho yake ni jambo jengine. Alisimama kimya muda mrefu, na mimi sikumharakisha.

Kisha tukala. Magharibi ikishaadhiniwa, meza za Forodhani zinawashwa taa na moshi unaanza. Mishikaki, pweza, kamba, muhogo wa kuchoma, na ile pizza ya Zanzibar: unga unatandazwa mwembamba mpaka unauona mkono upande wa pili, unatiwa nyama ya kusaga, kitunguu, yai na jibini, unakunjwa, unakaangwa juu ya bamba. Yangu ilikuwa elfu sita. Mama mdogo hakuwa akiijua, enzi zake pale ilikuwa mishikaki na muhogo wa pilipili. Akaonja yangu, akasema ni nzuri, akarudi kwenye muhogo wake. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi elfu mbili. Uliza bei ya kila kitu kabla hakijatiwa kwenye sahani, hasa vya baharini, na ukiona samaki amekauka pembeni kwa sababu kakaa sana mezani, mpite.

Mwezi ulikuwa mpevu. Ulipanda nyuma ya Ngome Kongwe, ile ngome ya Waomani waliyoijenga baada ya kumfukuza Mreno, kuta zake zikawa nyeupe. Tulirudi Kiponda kwa miguu bila ya kuwasha tochi.

Ijumaa, Julai 11: Mkunazini, urojo, na usiku wa taarab

Ijumaa katika Mji Mkongwe ina mpango wake. Kuanzia saa sita hivi maduka yanafungwa kwa sala na hayafunguliwi mpaka saa nane na zaidi. Yote ya kununua na kutembelea yafanye asubuhi.

Tulikwenda Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa. Chukua kitambulisho, kiingilio cha mwananchi ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni. Soko lilifungwa 1873, Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na mwaka huo huo lilianza kujengwa kanisa la Anglikana juu ya uwanja ule. Altare imewekwa pale palipokuwa na mti wa kuchapia watu, na duara la marumaru sakafuni linaonesha mahali penyewe. Nje kuna shimo lenye sanamu tano za watu waliofungwa minyororo shingoni, zilizowekwa 1998.

Mama mdogo alisoma karibu na hapo na hajawahi kuingia. Hakuna mkubwa aliyewapeleka, na wao watoto walikuwa wakiogopa. Vyumba vya chini vina dari fupi, mtu mzima lazima ainame, na hewa ni ile ile ya jana. Alikaa kwenye ile barza ya jiwe dakika moja, akanyanyuka akatoka. Nje alinishika bega akaniambia kwamba bibi yake mzaa baba alikuwa na alama kwenye kifundo cha mguu, na nyumbani ilikuwa haramu kuiuliza. Miaka yote hiyo sikuwahi kulisikia. Nimeliandika hapa kwa idhini yake.

Kwa hivyo ukipanga safari kama hii, Mkunazini paweke asubuhi, na usipange kitu baada yake. Sisi tulirudi chumbani tukalala.

Alasiri njaa ikatutoa. Urojo. Watu wa bara wanauita mix, na jina hilo linakubaliwa hata hapa, lakini mama mdogo anasema urojo ni urojo. Tuliula kwenye barza ya nyumba moja karibu na Soko Muhogo, mama mpishi kakaa na masufuria yake: ule mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe mbichi, viazi, bajia, kachori, vipande vya mshikaki, chipsi za muhogo za kuvunjavunja juu, chatini ya nazi na pilipili. Bakuli elfu tatu. Nimekula urojo Wete, nimekula Chake, nimekula Dar es Salaam. Wa pale ulikuwa na ndimu ya kutosha na bajia zilikuwa bado zina moto. Niliomba bakuli la pili.

Usiku ndio niliokuwa nikiusubiri tangu Ramadhani. Niliulizia kwa simu siku nne kabla, nikaambiwa kuna taarab ya ukumbini upande wa Vuga, kiingilio elfu kumi. Nasisitiza kuulizia kabla, kwa sababu taarab asilia haipigwi kila siku na matangazo yake ni ya mdomo. Uliza nyumba ya wageni, muulize muuza kaseti na vinanda, muulize mama yeyote wa makamo.

Mama mdogo alivaa gauni la hariri chini ya baibui, akajifukiza udi kutoka kwenye kijaluba alichokuja nacho. Kumbe udi aliufunga tangu Wete.

Njiani akanisimulia. Malindi, nyumba yao ilikuwa haiko mbali na walipokuwa wakifanya mazoezi Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa 1905, ambacho baada ya Mapinduzi watu walikiita kwa jina la mtaa tu, Malindi. Mtoto wa kike hakuruhusiwa kwenda kusikiliza. Usiku alikuwa akifungua dirisha kidogo, fidla na kanuni zinamjia kitandani, na akalala hivyo. Wazee wake walikuwa wakimtaja Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyekwenda Bombay 1928 kurikodi sahani za santuri, kama watu wanavyomtaja jamaa yao.

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na feni mbili. Wapigaji walikuwa kumi na tatu: udi, kanuni, fidla nne, kodiani, nai, dumbaki, besi na wengine. Walichelewa kuanza saa nzima. Halafu kanuni ikaanza peke yake, na mazungumzo yote yakakatika. Wimbo wa tatu wanawake wakaanza kunyanyuka kwenda kutunza, noti imeshikwa juu kwa vidole viwili, mwendo wa taratibu kabisa, wanatikisa bega kidogo. Mama mdogo alikaa. Wimbo wa nne alikaa. Wa tano ulipofika kwenye kiitikio akafungua pochi, akatoa elfu mbili, akanyanyuka. Lile goti lake sijui lilikuwa wapi. Alikwenda mpaka mbele, akamwekea mwimbaji noti mkononi, akasimama naye akiitikia maneno ya beti yote, machozi yanamtoka na uso wake unacheka.

Nina picha moja ya wakati ule na haikutoka vizuri. Sitaifuta.

Tulitoka saa sita kasoro. Vichochoro vilikuwa na watu bado, paka, na wazee wachache kwenye barza. Wanawake wawili tulitembea mpaka Kiponda na hatukupata usumbufu wowote, ingawa kwa mgeni asiyejua njia nashauri ashike njia zenye taa na maduka, na aepuke ufukwe usiku wa manane. Wanaotaka muziki wa kucheza na vinywaji watavipata Shangani na pembezoni mwa bahari, hoteli na mabaa yako huko. Sisi hatukwenda. Mavazi nayo: huu ni mji wa Waislamu, funika mabega na magoti na utaona watu wanavyokufungukia.

Jumamosi, Julai 12: Mlango

Asubuhi Darajani, haraka. Soko la samaki kwanza, mnadani, ambapo changu na nguru wanatupwa kwenye saruji na bei inapanda kwa ishara za vidole. Tulinunua iliki na mdalasini. Karafuu hatukununua, mtu wa Pemba hanunui karafuu Unguja. Nilikuwa nimeweka pia safari ya Changuu, kisiwa cha makobe wakubwa waliotoka Shelisheli na lile gereza la 1893 ambalo halikufungwa mfungwa. Bahari ilikuwa inapiga, manahodha wenyewe walikuwa wamekaa, nikaifuta. Kama Changuu ni muhimu kwako, usiifanye siku ya mwisho, iachie nafasi ya kuahirishwa.

Alasiri tukaenda kuitafuta nyumba.

Mama mdogo alikuwa na alama mbili tu. Ya kwanza, ni karibu na msikiti wa Malindi, ule wenye mnara wa duara unaochongoka, usiofanana na minara mingine. Ya pili, mlango. Mlango wa nakshi, wenye safu za misumari ya shaba, na katika safu ya tatu kutoka juu, ubao wa kushoto, msumari mmoja haupo. Kaka yake aliung'oa akiwa na miaka tisa na hakusema alikoupeleka. Baba yao, aliyekuwa fundi wa majahazi, alikataa kuuziba. Alisema pengo libaki ili kila anayeingia amuulize mwanawe.

Tulizunguka saa nzima. Nyumba nyingine zimekuwa hoteli, nyingine zimebaki kuta na miti imeota ndani. Mara tatu alisema "ndiyo hii", mara tatu haikuwa. Mwisho akakaa kwenye barza ya watu, amechoka, akasema turudi.

Mzee mmoja aliyekuwa akicheza bao upande wa pili aliacha kete zake. "Masalkheri. Mnamtafuta nani?" Mama mdogo akamjibu, akamtaja baba yake kwa jina la kazi, vile mtaa ulivyokuwa ukimwita. Yule mzee akakaa kimya. Kisha akasema, "Baba yako ndiye aliyenichongea kasia langu la kwanza. Wewe ni yupi katika wale wasichana?"

Hakuturuhusu kuulizia njia tena. Alifunga bao, akavaa kofia yake, akatutangulia. Ilikuwa kichochoro cha pili kutoka pale tulipokaa, tulikipita mara mbili bila ya kukiingia kwa sababu ukuta mpya umejengwa mdomoni.

Nyumba ghorofa ya juu imepasuka, madirisha yamezibwa kwa mbao. Chini ni ghala, limefungwa kwa kufuli. Lakini miimo ipo, na mfaa upo na nakshi yake ya maua imejaa vumbi, na milango yote miwili ipo. Misumari ya shaba imekuwa ya kijani. Iliyopotea sasa ni minne.

Mama mdogo hakuhesabu. Alinyanyua mkono wake moja kwa moja, akatia kidole kwenye tundu moja, safu ya tatu, ubao wa kushoto. Akasema jina la kaka yake. Yeye alifariki 1998, Mombasa, na hakuzikwa na mtu wa kwao hata mmoja.

Yule mzee alisogea mbali, akatupa mgongo, akatuachia nafasi. Nimekutana na watu wengi wema katika siku zile nne, na yeye nitamkumbuka kwa ule mgongo.

Jioni hatukwenda Forodhani. Mke wa mzee alikwishapata habari, na kijana alitumwa kutuita. Tulikula kwao: wali wa nazi, mchuzi wa papa, mchicha, na boko boko aliyokuwa ameipika kwa ajili ya wajukuu. Ndipo mama mdogo alipotoa kile kikapu kimoja cha halua. Mwenye nyumba akakinusa kabla ya kukifungua, akasema, "Hii ya Wete." Kahawa ikaja kwenye dele, vikombe vidogo visivyo na mkono, chungu, na kashata pembeni. Njiani kurudi tulipita Jaws Corner, wanaume wamejaa kwenye barza wanabishana mpira na siasa chini ya televisheni. Kikombe cha kahawa pale kilikuwa shilingi mia mbili. Wanawake huwa hatukai. Mama mdogo alisimama akaagiza vikombe viwili, na wanaume watatu wakanyanyuka kutupisha.

Jumapili, Julai 13: Kurudi

Boti iliondoka kwa wakati, bahari ilikuwa nzuri kiasi, nililala njia yote.

Nimejumlisha: chumba siku tatu laki mbili na elfu kumi, boti kwenda na kurudi kwa watu wawili karibu laki na nusu, gari za Pemba elfu ishirini, taarab elfu ishirini na vya kutunza, chakula chote hakikufika laki moja kwa sababu usiku mmoja tulialikwa. Nikiongeza viungo, viingilio na hamali, inafika kama laki tano na nusu kwa watu wawili. Ukiweza kwenda Juni mwanzoni au mwishoni mwa Septemba, jaribu kuulizia chumba tena, bei inaweza kulegea. Na anayekwenda Julai aulizie tarehe za Mwaka Kogwa wa Makunduchi, sherehe hiyo ya mwaka mpya huwa ndani ya mwezi huo, sisi hatukuzifuata tarehe zake.

Mkoani yule jirani yetu alikuwa anatusubiri na gari. Alimsaidia mama mdogo kupanda, akafunga mlango, akageuka kutoka kwenye usukani.

"Mgonjwa vipi, mama?"

Mama mdogo akanipokonya simu, akatafuta picha ya ule mlango, akaikuza kwa vidole viwili mpaka tundu likajaa kioo kizima, akampa.

Dereva aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena. "Hapa pana nini?"

"Endesha," akasema mama mdogo. "Mpaka Wete ni mbali, nitakwambia."